Skopu ya kuwindia: inchi 1, milimita 30 au 34? Kabla ya unene pima pale bomba liliponyooka

Nina kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, limekaa kama kucha ya mwezi mwandamo, na kila nikijitazama kwenye kioo namkumbuka muuzaji fulani. Nilimwendea na swali moja tu, skopu gani, yaani darubini ya kulengea, inaifaa bunduki yangu ya .30-06, akanitolea ya bomba la milimita 34, fupi, nene, nobu za kuzungusha kubwa kama vifuniko vya chupa, akaniambia dada bomba nene ndo mwanga mwingi, hizo nyembamba ni za wazee. Mie nikalipa. Pete za kuifungia nikaambiwa hazimo, nazo nikalipa.

Kufunga nikaona mambo sio. .30-06 ina mwili mrefu, kwa hiyo zile besi mbili za kushikia pete zimekaa mbalimbali, moja mbele ya tundu la kutolea maganda na nyingine nyuma yake. Skopu yenyewe kibonge. Pete ya nyuma ikagota pale bomba linapoanza kuvimba kwenda kwenye jicho, pete ya mbele nayo imebakiza upana wa ukucha kufika kwenye mvimbo wa lenzi, yaani haiendi mbele haiendi nyuma, imekaa ilivyopenda yenyewe. Nikasimama, nikaiweka begani, picha naiona yote, nikajiambia si inaonekana? Basi. Siku ya kwenda kulenga nikalala kifudifudi, shabaha iko juu kidogo kwenye mteremko, na ukilala hivyo ukalenga kwenda juu shingo inajivuta mbele bila wewe kujua, nikafyatua, bunduki ikapiga teke na ukingo wa skopu ukanichana. Damu mpaka kwenye kola, na shabaha nilikosa.

Kwahiyo mkiniuliza 30 au 34, mie nauliza kwanza bomba lako limenyooka kwa urefu gani.

Tumalize habari ya mwanga maana ndo uongo mkubwa. Mwanga unaofika jichoni unatokana na lenzi ya mbele, ubora wa vioo na rangi zake za kuzuia mng'ao, na zumu uliyovuta. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele gawanya kwa zumu: 40 kwa 10 unapata duara la mwanga la milimita 4, ya 50 kwa zumu hiyohiyo unapata 5. Mboni ya kijana gizani inafunguka hadi kama milimita 7, umri ukisogea inapungua. Unene wa bomba umeuona wapi kwenye hesabu hiyo? Haupo. Na kuna skopu nyingi za milimita 30 ambazo lenzi zake za ndani ni zilezile za inchi 1, wamezungushia bomba nene tu.

Isipokuwa sehemu moja, nikiri. Zile skopu za zumu ndogo kama 1-6 ambazo mbele hazina mvimbo, bomba limeenda moja kwa moja mpaka mwisho, pale lenzi ya mbele inabidi ienee ndani ya bomba lenyewe. Ndo maana za inchi 1 huzikuta na lenzi ya 20 na za milimita 30 zina 24. Hapo bomba nene linasaidia kweli, na kama unawinda vichakani karibukaribu, au una .375 H&H kwa wanyama wakubwa, nunua ya 30 usibishane na mtu. Halafu kwa vile mbele hamna mvimbo, pete unaisogeza utakavyo, tatizo langu la kovu hulipati kirahisi.

Kitu ambacho bomba nene linakupa kwa uhakika ni nafasi ya ndani, ule msalaba wa kulengea upate kupanda na kushuka zaidi ukizungusha nobu. Hiyo ni mali ya wanaopiga mbali sana. Skopu ya kawaida ya inchi 1 yenye MOA 60 (kipimo kidogo cha pembe) kwa jumla, ukishaiweka sawa inakubakizia kama 30 za kupandisha. MOA moja ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100. Ukiwa na bunduki ya .308 iliyowekwa sawa mita 100, kufika mita 500 unahitaji kati ya 13 na 15 hivi, sasa niambie wewe unayepiga swala mita 150 hizo nyingine ni za nini. Kilomita moja ndo habari nyingine, pale .308 unavuka 40 na utatafuta bomba la 34 kwa haki yako, ila huo si uwindaji wa watu wengi, wengine hata mnyama aliyeko mbali hivyo hawamuoni.

Haya, sasa nizipange, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Namba moja kwa bunduki ya kuwindia ni inchi 1, yaani milimita 25.4, na nitasema wazi mie ni mtu wa Leupold, kampuni ya skopu, sijifichi. VX-3HD ya 3.5-10x40 (zumu 3.5 mpaka 10, lenzi ya mbele milimita 40) ndo ninayotumia sasa, haifiki gramu 400, na bomba lake lina sehemu ndefu iliyonyooka mbele na nyuma ya nobu kwahiyo hata kwenye mwili mrefu una sentimita za kuchezea. Nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na skopu ukiona picha yote, ni kama sentimita 9 hata ukivuta zumu mpaka mwisho. Inakaa chini, shavu linalala kwenye kitako badala ya kuning'inia hewani kama kuku anayetazama mwewe. Kuna watakaosema mfuko haufiki, wachukue VX-Freedom 3-9x40, nayo ni inchi 1, vioo vimeshuka daraja ila mwili ni uleule wa kazi.

Namba mbili ni milimita 30, na siku zingine naiweka sare na ya kwanza. Viwanda vingi vimehamia huku, Zeiss Conquest V4, Swarovski Z8i, hata Leupold wenyewe VX-5HD na VX-6HD, kwahiyo ukitaka taa kwenye msalaba au nobu ya pembeni ya kurekebisha umbali, nyingi utazikuta kwenye 30. Pete zake zimejaa kila mahali. Angalia kitu kimoja, kwa pete za msingi uleule kitovu cha skopu kinapanda nusu ya tofauti ya unene, yaani milimita 2.3, si nyingi ila kama shavu lako lilikuwa limekaa pazuri utalisikia limeinuka.

Namba tatu 34. Nightforce ATACR 5-25x56 kwa mfano, skopu ya heshima, MOA 120 za kupandisha na kushusha, inavuka kilo moja. Kilo nzima juu ya bunduki unayoipandisha mlimani kwa miguu! Ya kulengea mezani sawa, ya kubeba kutwa nzima hapana. Zikishakuwa fupi na nobu zake zile, ile sehemu iliyonyooka inaliwa, maana kitovu cha nobu ni kipana, na pete za 34 zenyewe mara nyingi ni pana kuliko za inchi 1. Hapo ndo mtego ulionikamata.

Chini kabisa nimeweka vipimo vya kipekee. Leupold wangu nao wakaja na Mark 5HD ya milimita 35, jamani, kwanini 35? Pete za kuchagua chache, ukiazima ya rafiki haingii. Swarovski dS imeenda mpaka 40. Na kama unanunua skopu kuukuu za Ulaya kuwa makini sana, kuna za milimita 26. Ukiangalia kwa jicho utasema inchi 1 hiyo, tofauti ni milimita 0.6 tu, ukaikaza kwenye pete za 25.4 kwa nguvu, bomba likabonyea na nobu ikaanza kukwama. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, upime, usimwamini anayekwambia hiyo ni standadi. Zile nyembamba za milimita 19 ziacheni kwenye bunduki ndogo za .22.

Za bei ya chini? Sina mengi. Ya inchi 1, zumu ndogo, usiguse za zumu kubwa za bei ya chini, basi.

Sasa jinsi ya kupima, na hii muifanye kabla ya kutoa hela. Hakikisha bunduki haina risasi, fungua bolti, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Pima kwa rula kutoka ukingo wa mbele wa besi ya mbele mpaka ukingo wa nyuma wa besi ya nyuma. Halafu kwenye skopu pima kutoka pale mvimbo wa mbele unapokwisha mpaka pale wa nyuma unapoanza, bila kusahau kwamba kitovu cha nobu kimekaa katikati na pete haiwezi kukaa juu yake. Hicho kipimo cha pili kikiwa sawa na cha kwanza au pungufu, iache hapohapo kaunta, hata wakikupa na begi bure. Kikizidi kwa sentimita mbili tatu una pumzi ya kusogeza. Nyuma ya pete ya nyuma bakiza nafasi pia ili pete ya zumu izunguke bila kukwaruza.

Kisha vuta zumu mpaka mwisho, maana hapo ndo nafasi ya jicho inakuwa finyu, fumba macho, weka bunduki begani, laza shavu, fumbua. Usifanye ukiwa umesimama tu kama nilivyofanya mie, lala chini, lenga kidogo juu. Ukiona picha imejaa bila kuvuta shingo na bila kivuli cheusi pembeni, hapo sawa.

Ukishanunua na imekataa, dawa ipo: reli moja ndefu ya Picatinny badala ya besi mbili, vile vijino vyake vimepishana karibu milimita 10 kwahiyo unahamisha pete jino kwa jino. Ila reli inaongeza urefu wa kwenda juu na baadhi zinafunika tundu la maganda, na pete ya Picatinny haitaingia kwenye besi ya Weaver, aina nyingine ya besi, kwa sababu mtaro wa Weaver ni mwembamba. Kuna pia pete za kurefusha, zimepinda kwenda mbele au nyuma. Na skopu za Ulaya zenye reli chini ya bomba hazitaki pete kabisa, unene wa bomba unakuwa si hoja, lakini bei ya ule mfumo, mh.

Kinachonikera ni kwamba hicho kipimo cha bomba lililonyooka hukioni kwenye boksi. Uzito upo, zumu ipo, unene umeandikwa kwa herufi kubwa kama jina la timu, urefu uliopo kwa kufungia lazima ukachimbe kwenye michoro ya kiwanda. Nilimrudia yule muuzaji na plasta usoni, nikamuuliza kwanini hakuniambia. Akaangalia plasta, akaangalia skopu, akasema dada labda uliishika vibaya, halafu akanionyesha pete za kurefusha. Za kuuza.

Sikununua. Ile ya 34 iko kabatini ndani ya boksi lake, na skrubu moja ya pete sijui ilienda wapi.