Uzoefu wangu: mifumo miwili ya inventori na uzalishaji kwenye seva ya RP ya uhalifu

Niseme mapema hakuna aliyenilipa kuandika hii. Tuna seva ya RP (roleplay, kila mtu anaigiza maisha ya mhusika wake) kwenye FiveM, ule mfumo wa kucheza GTA V kwenye seva za watu binafsi, mada ni uhalifu, magenge, polisi, magendo, vile vitu vyote mnavyovijua, na tumeshatembeza mifumo miwili pale. Wa kwanza ni kifurushi cha kulipia chenye inventori (sehemu inayoshika vitu vya wachezaji, mifuko, mabuti, stoo), maabara na mashamba humohumo ndani (jina nalibania, sina nia ya kumharibia mtu biashara na wanaofanana nae wapo kibao). Wa pili ni ox_inventory ya bure, halafu upande wa uzalishaji tukaandika wenyewe juu yake. Msingi wetu ni ESX (mfumo ambao skripti zetu nyingine zinasimama juu yake) ila mengi nitakayosema hata mtu wa QBCore, msingi mwingine kama huo, yatamgusa tu.

Kile cha kulipia kwa macho kilikuwa noma, hilo siwezi kukinyima. Ukiburuta itemu inang'aa, bunduki inazunguka kwenye kidirisha, rangi unabadilisha unavyotaka, mchezaji akifungua begi linafunguka kwa mbwembwe. Maabara zilikuja tatu zikiwa tayari na ramani zake, meza za kuchanganyia, mizani, kila kitu, wewe unaweka tu kwenye folda ya resources unaandika ensure (amri ya kuiwasha) unaendelea na maisha. Wachezaji walisifia mpaka basi. Na kwa seva inayoanza, yenye watu wachache wanaojuana, sidhani kama utaona tatizo lolote, utaona raha tu.

Tatizo lilianza watu walipoanza kuwa wengi na wakaingia wale madogo ambao hawachezi RP, wao wanatafuta tundu. Cheki ilivyokuwa. Mchezaji anafungua buti ya gari anaweka mzigo wake, anafunga buti, buti inaandikwa kwenye databesi palepale. Lakini mfuko wake yeye mwenyewe hauandikwi muda ule, unasubiri zamu ya kuhifadhi ambayo inakuja kila baada ya dakika kadhaa, au mpaka atoke kwenye seva. Sasa seva ikianguka hapo katikati, ikiamka inasoma buti ina mzigo, na inasoma mfuko nao una mzigo uleule, kwasababu kumbukumbu ya mfuko ni ya zamani. Mzigo umezaa. Na wajanja wakishajua hivyo hawasubiri seva ianguke yenyewe, wanatafuta jinsi ya kuiangusha, na kwenye seva yenye skripti nyingi njia haikosekani. Uchumi wetu ulivimba ghafla, genge ambalo jana lilikuwa linagombania bastola moja leo lina silaha za kutosha jeshi, na ukiwauliza wanakuambia tumehasoli.

Dawa ya hili inajulikana, kitu kikihama kutoka chombo A kwenda chombo B basi A na B viandikwe pamoja kwa mpigo mmoja, ama vyote viingie ama kisiingie hata kimoja. Sio jambo la ajabu. Ila kwenye kifurushi kile sehemu hiyo ya kodi (code ya programu) ilikuwa imefungwa na escrow ya Cfx.re (kufuli la wenye FiveM linalolinda skripti za kuuzwa), na mliozoea kununua mnajua, unaachiwa config (faili za mipangilio) na vipande vichache ambavyo muuzaji ameamua kuviacha wazi, mengine ni maandishi yasiyosomeka. Kwahiyo tundu unaliona, dawa unaijua, mkono haufiki. Nikafungua tiketi, nikajibiwa kwamba waliopo wengine hawana shida hiyo, nikatuma video, kimya, halafu ikaja apdeti yenye rangi mpya za menyu.

Escrow yenyewe sina ugomvi nayo kiukweli, mtu ametoa jasho lake lazima ailinde. Ila kwa inventori hasa nimekuwa mgumu. Skripti ya kuosha gari ikifungwa nisiione ndani hainisumbui, lakini inventori ndiyo inashika mali ya kila mtu, na hiyo nataka niweze kuifungua usiku wa manane nikaangalia nini kimetokea.

Lingine ambalo lilinitoa imani kabisa ni namna maabara zilivyofanya kazi. Mchezaji anasimama mezani, mstari wa maendeleo unajaa, ukijaa kompyuta yake inatuma ujumbe kwa seva: nimemaliza, nipe bidhaa. Na seva inatoa! Haiulizi huyu yuko wapi, haiulizi malighafi anazo, haiulizi alianza saa ngapi. Mtu mwenye menyu ya kichiti (programu ya kudanganyia mchezo) anakaa zake mjini anatuma ujumbe huo mara nyingi anavyotaka. Kanuni ya msingi kwenye multiplayer yoyote ni kwamba kompyuta ya mchezaji inaomba tu, anayeamua ni seva, na hapa walikuwa wameigeuza. Seva inatakiwa iweke alama ya muda mchezaji anapoanza, ikate malighafi hapohapo mwanzoni, na akija kudai iangalie muda umetimia na umbali wake kutoka mezani ni wa kweli, basi. Mistari michache ya Lua, lugha tunayoandikia skripti.

Tukapiga chini tukaenda ox_inventory. Kwa sura ni ya kawaida, miraba na picha, wachezaji wengine walinuna wakasema tumerudi nyuma. Mipangilio yake ya mwanzo inampa mchezaji sloti (nafasi za vitu) 50 na uzito wa 30000, yaani gramu, kwahiyo kilo 30, na hapo tu mchezo ulibadilika kwasababu kwenye mfumo wa zamani tulikuwa tumeacha uzito juu sana mtu mmoja anabeba shehena nzima mfukoni anakimbia nayo. Kilo 30 zinamlazimisha mtu atafute gari, gari lina buti, buti inasachiwa na polisi, na hapo ndipo RP inapoanza.

Bunduki kila moja inakuja na namba yake ya utambulisho (serial), risasi zilizomo, uchakavu na vifaa vilivyofungwa, vyote vinakaa kwenye itemu yenyewe. Kwahiyo askari akiokota silaha anaweza kusoma namba, na kama ilinunuliwa dukani kihalali inaonyesha imesajiliwa kwa nani. Wana wa upande wa polisi waliipenda hii kuliko kitu kingine chochote, kesi zikaanza kuwa na ushahidi badala ya kelele. Ushahidi nao una makabati yake ya namba pale kituoni.

Kilichonishika zaidi mimi kama mtu wa kuandika ni hooks, sehemu ambapo unaweza kuingilia kila itemu inapohama, inaponunuliwa au inapotengenezwa, na ukirudisha false basi tendo halifanyiki. Hiyo ndiyo ilituwezesha kuzuia pesa chafu isiingizwe kwenye sefu za biashara halali bila kugusa kodi ya inventori yenyewe. Meza za kukrafti (kutengenezea vitu) nazo zipo ndani kwa ndani, na kuna kitu kidogo kimekaa kijanja: kiambato kikiwa chini ya moja maana yake kinakula uchakavu wa kifaa badala ya kukimaliza. Mfano unaokuja nao ni lokipiki (kifaa cha kufungulia kufuli bila ufunguo), vyuma chakavu 5 na nyundo 0.05, unasubiri sekunde 5 unapata mbili, yaani nyundo inapungua asilimia 5 kila ukitengeneza mpaka siku inakufa unatafuta nyingine. Tukaikopi akili hiyo kwa kila kitu, mizani, mitungi, mashine za kufungashia, zote zinachoka.

Ila meza za kukrafti peke yake hazitoshi kwa seva ya uhalifu, na hapa ndipo tulipotumia muda mwingi. Kifurushi cha zamani kilikuwa na mnyororo mrefu kweli, vuna, kausha, changanya, pima, fungasha, uza, lakini mtu mmoja aliweza kuufanya wote peke yake tangu asubuhi ya mchezo hadi jioni bila kuongea na binadamu yeyote. Hiyo ni kazi ya kiwandani. Sisi tukavunja: mwenye shamba hana ruhusa ya maabara, maabara inahitaji kemikali ambazo zinaingia kwa bandari tu na bandari inashikwa na genge lingine, mashine inakula mafuta ya jenereta na mafuta yanaletwa na madereva wa malori ambao ni raia wa kawaida, wengine hata hawajui wanampelekea nani. Madereva wakaanza kuwa watu muhimu! Kuna mmoja alikuwa anachukua hela kutoka magenge mawili na kuwapa polisi ratiba, na hakuna admini aliyempangia hiyo stori.

Mimea hatuihesabu kwa luupu (kodi inayojirudia bila kukoma). Skripti ya zamani ilikuwa inazunguka kila sekunde kwenye kila mche seva nzima iongeze asilimia, ndio maana wakulima wakiongezeka kila mtu anaanza kuonja lagi (mchezo kukwamakwama), hata aliyeko mjini hana habari na shamba. Sasa mche unahifadhi saa uliopandwa na saa uliomwagiliwa, imetoka hiyo. Mtu akiusogelea ndipo tunatoa hesabu, sasa hivi kutoa saa ile, hapo una jibu la urefu na afya yake, na hata seva ikizimwa usiku mche unakuwa umekua bila mtu kuugusa. Ukiangalia resmon (kipimo cha FiveM cha mzigo wa kila skripti) skripti imelala karibu na sifuri muda mwingi.

Ubora ndio ulitutesa. Tulitaka mzigo uwe na daraja, aliyepika vizuri apate bei nzuri, kwahiyo kila itemu ikabeba ubora wake kwenye metadata (taarifa za ziada zinazobandikwa kwenye itemu). Wazo zuri, ila itemu zenye metadata tofauti hazikai sloti moja. Mtu anavuna, huyu mmoja ana 71, mwingine 72, mwingine 74, na begi limejaa miraba yenye itemu mojamoja mpaka hana pa kuweka simu. Na kuoza vilevile, kwasababu ukiweka itemu ioze kwa dakika kadhaa kila moja inabeba saa yake ya kufa, hazishikani. Malalamiko yalikuwa mengi na walikuwa na haki. Tukaacha asilimia tukabaki na madaraja matatu tu, duni, wastani, safi, na kuoza tumeweka kwenye malighafi pekee, ukishafungasha saa inasimama. Ukitaka kuweka ubora kwenye seva yako anzia hapo usipite njia tuliyopita.

Pesa chafu, kwa kifupi: kwa ESX ukitumia ox inakuwa itemu mfukoni, inaonekana, inasachiwa, inaibiwa. QBCore wana zile noti zenye alama ambazo thamani imeandikwa ndani ya itemu. Zote fresh. Ambacho sikubali ni pesa chafu kukaa kama namba tu isiyoshikika, mtu anauawa na mamilioni yake yanabaki salama hewani, sasa kuna maana gani ya kumvamia.

Restart pia iangalie. txAdmin (paneli ya kusimamia seva ya FiveM) inatangaza restart iliyopangwa kuanzia dakika 30 kabla na inatoa tukio ambalo skripti yako inaweza kulisikiliza, ESX yenyewe inalitumia kuhifadhi wachezaji inapobaki dakika moja. Maabara ya kulipia haikulisikiliza, mzigo uliokuwa jikoni restart ikija unapotea na malighafi zimeshaenda, na kila siku stafu wanabishana na watu wanaotaka kurudishiwa, huna pa kuthibitisha nani mkweli. Yetu inaandika kila kazi ikianza: nani, meza gani, nini, inaisha lini. Mtu akirudi anakuta mzigo wake unamsubiri mezani, au anakuta umeibiwa, maana meza haina mlango.

Sasa sio kwamba nasema kila mtu aende bure. Ukiwa huna mtu wa Lua kwenye timu, njia yetu itakuchosha, config za ox zipo kwenye faili za data na ukikosea mkato mmoja wa koma itemu zote hazisomeki, na maabara hazitajiandika zenyewe. Kuna wauzaji wazuri ambao uzalishaji wanakuuzia lakini inventori wanakuachia uchague, hao ningewapa nafasi kabla ya wale wa kila kitu kwenye boksi moja. Omba seva ya majaribio, chukua watu wawili waburute itemu moja kutoka stoo moja kwa wakati mmoja, wengine wakate intaneti katikati ya kupika, halafu ua mchakato wa seva wakati buti imetoka kufungwa na uhesabu itemu ikirudi.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kazi ya mikono zaidi ya nilivyotegemea, stoo za zamani zilihifadhiwa kwa muundo wake na majina yake ya itemu, ikabidi tuandike skripti ya kusoma jedwali la zamani la databesi, kubadili majina, kutupa yasiyojulikana kwenye faili pembeni. Silaha zote za zamani tulizipa namba mpya. Zile zilizodupiwa (zilizozaliwa kwa lile tundu la buti) tulizitambua kirahisi maana zilikuwa zimerundikana kwenye stoo zilezile chache, tukafuta, wenye nazo wakahama seva kwa hasira, na kelele kwenye Discord zikapungua karibu nusu.