Simu Isiyoyumba Mezani: Nazipanga kwa Migongo Yake

Huu ni mwezi wa pili natunza hesabu za kikundi chetu cha akiba hapa Bombo, Uganda, kwa simu iliyonigharimu zaidi ya shilingi milioni moja, na kila ninapogusa tarakimu za upande wa kushoto ilhali imelala kando ya daftari, huipiga meza ko, ko, ko, kama kigoda chenye mguu mmoja mfupi. Chanzo ni kinundu cha kamera kilichochomoza kwenye kona moja ya mgongo. Kwa hiyo sitazungumzia betri wala uzuri wa picha; hayo wauzaji watakuimbia hata usipowauliza.

Nafasi ya kwanza naipa Google Pixel 9a ya mwaka 2025, na sifichi kwamba naipendelea: kamera zake karibu zinalingana na mgongo, nayo hutulia mezani kama kigae. Ya pili ni Pixel 8, ambayo kamera zake zimo katika mwamba mmoja uliokatiza mgongo kutoka ukingo hadi ukingo. Simu hii huinuka kichwani kana kwamba imewekewa mto, lakini haiyumbi, kwa sababu mwamba huo huishikilia pande zote mbili. Usumbufu wake ni vumbi letu jekundu, ambalo hujikusanya kwenye pembe za mwamba na kutaka mswaki.

Ya tatu ni Samsung Galaxy A16, yenye lenzi tatu zilizopangwa wima upande mmoja, kwa hiyo hucheza kidogo bila kava. iPhone 15 naiweka ya nne, kwani kamera zake zimeinuka konani, na kwa bei yake ningetarajia utulivu zaidi. Tecno, Infinix na itel ni za bei nafuu. Nyingi huja na kava ndani ya boksi, basi ivalishe simu yako isicheze.

Kabla ya kulipa, vua kava, ilaze simu juu ya kaunta, kisha ubonyeze ukingo wa kushoto wa kioo, karibu na juu. Mimi sikufanya hivyo, kwani katika duka nililoingia Kampala Road, Jumamosi moja ya msongamano, simu zote za maonyesho zilisimamishwa kwenye vishikio, na waya wa kuzuia wizi ulibandikwa mgongoni, pale pale penye aibu. Nilipoomba waya uondolewe, kijana muuzaji akanijibu, "Nyabo (yaani bibi), simu ni ya kushika, si ya kulaza." Bei haikuandikwa popote. Nilitajiwa 1,150,000, nikalipa; bwana aliyefuata akatajiwa 980,000 kwa simu ile ile. Nilipouliza, kijana akasema tofauti hiyo ni ya kava yangu, kava ambayo, nilipofika nyumbani, niliikuta nyembamba kuliko kinundu chenyewe.