Nyota tatu: maoni ya nahodha wa Amu (Lamu) kuhusu huduma ya milipuko ya magonjwa visiwani

Wengi huandika maoni kuhusu nyumba za wageni za Shela na boti za kupeleka watalii Manda. Mimi nataka kuandika kuhusu huduma niliyoitumia na kuitumikia kwa zaidi ya miaka ishirini: jinsi serikali ya Nairobi na serikali ya kaunti zinavyoshirikiana ugonjwa unapoingia visiwani kwetu. Naipa nyota tatu kati ya tano. Nina boti ya faiba yenye mashine ya arobaini, naenda baina ya Amu na kisiwa cha Pate. Kuna siku abiria wangu ni mgonjwa aliyelazwa kwenye godoro, na kuna siku ni sanduku la barafu lenye vichupa vya sampuli.

Mwaka 2004 nilikuwa baharia mdogo. Ukame ulikuwa umekaza, kila nyumba imeweka maji kwenye mitungi na mapipa, na mbu wakazaana humo humo ndani. Homa ilipoingia, viungo vilishikana hata mtu akashindwa kufunga kikoi chake. Mashua zilifunga nanga kwa kukosa watu wa kutweka tanga. Marehemu baba alikuwa akienda msikitini ameinama, mkono mmoja ukutani. Tulimeza dawa za malaria na hazikusaidia kitu. Baadaye wataalamu walithibitisha kwamba ni chikungunya, jina la Kimakonde la kitu kilichopindika, na kwa makadirio yao robo tatu ya watu wa kisiwa waliugua. Ugonjwa ukafika Mombasa, ukavuka mpaka Ngazija, visiwani Komoro.

Kaunti hazikuwako. Habari ilitoka wilayani, ikaenda mkoani Mombasa, ndipo ikafika Nairobi, na amri ikarudi kwa njia hiyo hiyo ndefu. Bibi yangu alikuwa na birika ya mawe hamamuni, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya wazee wa Amu tangu zamani. Sikumbuki mtu yeyote kutoka juu aliyekuja kumuuliza bibi kuhusu wale samaki. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu majirani zetu walikuwa wameshavunja birika zao na kununua mapipa ya plastiki.

Katiba ya 2010 iligawa kazi, na kaunti zikaanza 2013. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya na ambulensi zikawa za kaunti. Lakini kukabiliana na maafa kumeandikwa pande zote mbili, na hapo ndipo sisi wa majini tunapoumia. Chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa, Bwana Afya, yaani afisa wa afya ya umma, ni wa kaunti. Wote wawili hupanda boti yangu, na kuna wakati kila mmoja anadhani mafuta yatalipwa na mwenzake.

Korona ilinionyesha jambo hilo wazi zaidi. Kafyu ilitangazwa Nairobi, ikaanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Wagonjwa waliruhusiwa kusafirishwa, ndiyo, lakini ruhusa hiyo haikuwa imefika kwa kila aliyesimama gatini. Usiku mmoja nilikuwa na mama mjamzito anayetoka damu. Askari akataka karatasi. Muuguzi alikuwa na karatasi ya zahanati, na askari anasema yeye hupokea amri kutoka kwa wakubwa wake, si kutoka zahanati. Tulikaa pale karibu nusu saa, mashine inanguruma, mama yule amenishika kanzu. Alipona, namshukuru Mungu, na mtoto sasa anasoma. Kwa nusu saa ile peke yake ningeipa huduma hii nyota moja tu.

Basi hizo nyota tatu zimetoka wapi? Zimetoka kwa wahudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023 wamepewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa, na posho yao inachangiwa na serikali zote mbili. Masika iliyopita watoto walianza kuharisha katika kijiji kimoja cha Pate. Mhudumu, mama wa makamo anayejua kila mlango pale, aliipeleka habari kwa simu jioni ile ile. Asubuhi, maji yalipojaa, nilimleta Bwana Afya pamoja na klorini na paketi za ORS, ile chumvi ya kunywesha anayeharisha. Chifu aliita baraza chini ya mkungu, imamu akaahidi kulisema kwenye khutba ya Ijumaa, na mwenye kisima akakubali kifungwe. Bibi mmoja mzee alisimama akawaambia wajukuu zake, "Musinwe mai hayo, wanangu, mpaka tuambiwe." Siku mbili tu na kazi yote ilikuwa imefanyika. Sijaona kazi nzuri kama ile katika maisha yangu ya bahari, na natamani kila mlipuko upokewe namna hiyo.

Shida ikawa kwenye lile neno, mpaka tuambiwe. Sampuli za kisima na za wagonjwa nilizivusha mwenyewe hadi Amu, nikazikabidhi katika ofisi moja, nikaambiwa nyingine zitapanda ndege Manda. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili, watoto wamepata nafuu, watu wakasema kama kungekuwa na jambo tungeshaambiwa. Ya tatu, ndoo zikarudi kisimani. Kila nikifika, mhudumu yule ananingoja gatini. "Nahodha, hujaletewa neno?" Anaulizwa nyumba kwa nyumba, na hana la kujibu.

Siku moja nilipita katika ofisi ile kudai pesa za mafuta, nikaliona sanduku la zahanati pembeni mwa ukumbi, chini ya maboksi ya karatasi. Nililitambua kwa kamba ya buluu niliyolifunga mwenyewe. Karani akasema linangoja mtu wa kulitilia saini. Nikamwambia nitatia mimi, zahanati haina jingine. Nililipakia, nikaondoka na maji ya alasiri.

Muuguzi alilifungua mbele yangu ili alioshe. Ndani ya mfuko wa nailoni mlikuwa na karatasi ya majibu, imekunjwa mara mbili, na tarehe yake ni ya siku kumi na moja nyuma. Kipindupindu hakikuonekana. Maji ya kisima yalikuwa na vijidudu vya kinyesi, na karatasi ilisema yasinywewe bila kutiwa dawa. Muuguzi aliisoma mara mbili, akanipa niishike. Mhudumu alikuwa ameshavaa viatu. Tulikwenda sote watatu mpaka kisimani, kukiwa na wasichana wanne wanateka, na mhudumu akashika kamba ya kutekea kwa mkono wake, akawaomba wamwage.