Ubunge wa jimbo Marekani: New Hampshire au California?

Cheo ni kimoja, mbunge wa bunge la jimbo (si Bunge la taifa), lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Mbunge wa New Hampshire analipwa dola 200 kwa muhula wa miaka 2, kiwango kilichomo kwenye katiba ya jimbo tangu 1889. Mwenzake wa California anapokea zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Kinachonivutia New Hampshire ni ukaribu na watu. Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo lina viti 400, kwa hiyo kila mmoja anawakilisha watu kama 3,500 hivi. Hana msaidizi wake wa kuajiriwa. Mpiga kura anampigia simu nyumbani, au anamkuta dukani akinunua maziwa. Na kila muswada, hata wa mbunge mgeni kabisa, husikilizwa hadharani kisha ukapigiwa kura. Baraza la chini la California lina viti 80 kwa watu karibu milioni 39, na muswada wenye gharama unaweza kufia kwenye kamati ya matumizi bila kufika ukumbini.

Ila nani ataishi kwa dola 200? Mara nyingi ni mstaafu au mwenye nacho. Mama anayelea watoto na kulipa kodi ya nyumba hawezi kuacha kibarua chake Januari hadi Juni aende Concord, mji mkuu wa jimbo. Hapo California inashinda, japo huko ukomo wa kukaa bungeni ni miaka 12 kwa jumla. Mimi ningewapandishia mshahara wale wa New Hampshire, na viti vyao 400 nisiviguse.