Ukaazi wa kudumu na jeshi: Marekani na Singapore
Marekani, mwanaume mwenye grini kadi wa miaka 18 hadi 25 lazima jina lake liwe kwenye daftari la Selective Service, idara inayoorodhesha wanaoweza kuitwa jeshini. Basi. Hakuna aliyeitwa jeshini kwa lazima tangu 1973, ila aliyekwepa kwa makusudi anaweza kunyimwa uraia.

Singapore ni habari nyingine kabisa. Baba aliyepata ukaazi kwa kazi yake husamehewa jeshi la lazima. Mwanawe aliyeombewa pamoja naye ndiye anayenyolewa kichwa na kukabidhiwa bunduki, miaka 2. Wazazi, mwulizeni kijana kabla ya kumjazia fomu! Akiurudisha ukaazi bila kutumikia, maombi yake ya kusoma au kufanya kazi huko huathirika. Akitumikia, hubaki askari wa akiba, hadi siku 40 kwa mwaka.