Picha moja kila siku mjini: simu au kamera?

Simu inashinda kwa jambo moja kubwa: iko mfukoni tayari. Tabu huanza giza likiingia. Simu hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo anayepita barabarani hutoka na ukungu. Ukikuza kupita uwezo wa lenzi zake, unakata picha tu, hujasogelea chochote. Na futa lenzi kwanza. Mafuta ya vidole ndiyo yanayotapanya mwanga wa taa.

Kamera yenye lenzi ya milimita 35, f/2 (tundu pana la kuingiza mwanga), hukuruhusu kuweka kasi ya 1/250 ya sekunde kwa ISO 3200 (kiwango cha juu cha kuhisi mwanga), na huyo mpita njia akatoka wazi, chengachenga kidogo zikiwepo. Ila betri, kadi, kuhamisha picha kila usiku… hapo wengi huacha. Kwa kila siku, simu. Kamera ni ya jioni.