Seti ya kalorimita ya skuli: kopo zuri, kipimajoto cha kubahatisha

Kalorimita ni chombo cha kupimia joto linalohama kati ya vitu. Ndani ya boksi mna kopo la shaba nyekundu la gramu 60 na waya wake wa kukorogea, kasha la mbao la kulivika, kifuniko cha plastiki, kipande cha chuma cha gramu 200 chenye uzi, na kipimajoto cha nyuzi 0 hadi 110. Kwa skuli isiyo na maabara kubwa, vinatosha kupimia joto mahsusi, yaani juli (vipimo vya nishati) zinazopandisha kilo moja ya kitu kwa nyuzi moja.

Kopo halina kasoro. Kipimajoto ndicho tatizo, maana mistari yake ni ya nyuzi moja moja. Chukua maji gramu 150 yenye nyuzi 28, utumbukize chuma kilichotoka kwenye maji yanayochemka. Hapa pwani hesabu 100 bila wasiwasi. Wanaohangaika na namba hiyo ni watu wa milimani, ambako maji huchemka kabla ya kufika 100. Mchanganyiko ukitulia kwenye 36.5, maji yamechukua 0.15 × 4200 na kopo 0.06 × 400 (kilo mara joto mahsusi), jumla juli 654 kwa kila nyuzi. Zidisha kwa nyuzi 8.5 ambazo maji yamepanda, gawa kwa 0.2 × nyuzi 63.5 ambazo chuma kimeshuka, unapata 438. Chuma ni kama 450, kwa hiyo si haba. Lakini jicho likisoma 36, jibu linaporomoka hadi 409! Tafuta kipimajoto kinachoishia 50, chenye mistari ya sehemu ya nyuzi.

Karatasi ya maelekezo nayo inalisahau kopo kwenye hesabu. Ukiifuata, 438 inakuwa 422.

Kung'uta chuma upesi kabla ya kukitumbukiza. Gramu moja tu ya maji ya moto iliyong'ang'ania kwenye uzi inaongeza kama 21 kwenye jibu.

Sponji ya kwenye kasha ni nyembamba mno. Ing'oe, ujaze sufi kavu, ile ile ya mito. Walimu wengi huanza na maji yaliyopoa kuliko chumba, ili joto linaloingia mwanzo lifidie linalotoka mwisho. Sawa, ila kwa unyevu wa Unguja na Pemba usishuke chini ya 26: kopo litatoka jasho, na jasho hilo huliongezea kopo joto usilolihesabu.

Chuma kinaota kutu haraka kwa hewa ya chumvi. Kipake mafuta ya cherehani, na ukioshe kwa sabuni kabla ya kukiweka kwenye mizani.